Maswali na majibu: masomo ya nyumbani kwa mtoto unayemlea

Nalea mjukuu wangu, yatima, yuko darasa la nne na hajui kusoma. Nimpeleke tuisheni gani? (Bibi, Muheza)

Popote usimpeleke kwanza. Maswali ya tuisheni ndiyo yanayojaa hapa kila mara, na karibu yote yanataja mtoto yuko darasa la ngapi, anachokiweza hakitajwi. Tuisheni nyingi hurudia yaleyale ya darasani kwa kasi ileile. Mtoto asiyezijua silabi atanakili ubao kwa mwandiko mzuri, daftari litajaa vema nyekundu, nawe utaendelea kulipa.

Mpime mwenyewe, dakika kumi zinatosha. Andaa karatasi nne: herufi kumi zilizochanganywa, silabi kumi zilizochanganywa, maneno kumi mafupi kama kuku, meza, samaki, na aya ya sentensi nne kutoka kitabu cha darasa la pili. Anza na maneno. Akikosa zaidi ya mawili, shuka kwenye silabi. Akikosa na hizo, shuka kwenye herufi. Akiyaweza maneno, mpe aya. Ngazi anayoanza kukosea ndipo pa kuanzia, hata kama sare yake ni ya darasa la nne.

Akikuimbia "ba be bi bo bu" bila kusita, usishangilie bado. Funika mstari wote kwa kiganja, umwachie "bu" peke yake. Ukiona midomo inachezacheza, ananong'ona kuanzia "ba" mpaka afike "bu", ujue amekariri wimbo.

Sasa kazi. Kata boksi kuukuu upate kadi za ukubwa wa kiberiti, silabi moja kila kadi. Anza na irabu, kisha k, m, t, l, s. Familia moja ya silabi, mfano ka ke ki ko ku, kwa siku mbili, kadi zikichanganywa kama karata, halafu aunde maneno: ku-ku, mo-to, ka-la-mu. Vitabu vingi huanza na "mama" na "baba". Kwa mtoto aliyewazika, maneno hayo yanaweza kusubiri wiki ya tatu. Kila jioni arudie kadi za jana kabla ya mpya. Akikosea tatu, siku hiyo hakuna mpya. Wengi huanguka kwenye nya, mba, nda, cha, kwa, ng'o, kwa sababu mwalimu au mlezi alikimbilia aya mapema. Hapo kaeni hata mwezi. Dakika 20 kila siku, saa ileile, mtu yuleyule. Saa tatu za Jumamosi hazifidii wiki nzima ya kimya.

Mimi mwenyewe sikusoma. Nitamsaidiaje? (Mlezi, Singida)

Kwa masikio. Akusomee, kisha umuulize: nani alifanya nini, halafu ikawaje? Hadithi isiposhikana, anabahatisha maneno kwa kuangalia picha. Mtafutie mtoto wa jirani wa darasa la sita wakae naye kwenye kadi. Anayefundisha naye hunufaika.

Hesabu unaijua kuliko unavyodhani. Kosa linaloonekana sana ni hili: 52 kutoa 27, mtoto anaandika 35. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa. Kumwambia "kopa" hakusaidii kama hajaona kinachokopwa. Chukua njiti za kiberiti, funga mafungu matano ya kumi kwa uzi, bakiza mbili. Mwambie akupe saba. Hana. Lazima afungue fungu moja, na sasa ana kumi na mbili. Akilifungua kwa mikono yake mara kumi hivi, ndipo alete daftari.

Tumeletewa mtoto na afisa ustawi wa jamii, miezi miwili sasa. Ana miaka tisa. Ukitaja homuwaki anaficha daftari au analia. Ni mvivu? (Baba mlezi, Dodoma)

Hapana. Mtoto aliyehamishwa mara mbili tatu amejifunza kwamba kukosea kunaleta kelele, na kelele huleta kuhamishwa. Kuficha daftari ni kujikinga.

Wiki za mwanzo mpe kazi ambayo una hakika ataiweza, fupi, na uifunge yeye akiwa bado anataka kuendelea. Kaa ubavuni mwake. Usikae mbele yake kama mtahini. Ale kwanza. Kisha nenda shuleni kwa mwalimu wa darasa uombe mambo mawili. Moja, rekodi za maendeleo kutoka shule alizopita, maana kila uhamisho huacha tundu: mara nyingi sehemu, kugawanya, na kutoa kwa kukopa. Pili, asipewe insha ya "Familia yangu" mbele ya wenzake bila wewe kujua mapema. Historia yake usiimwage ofisini. Mwalimu anahitaji kujua kinachomkwamisha, mengine ni ya mtoto.

Nikimchapa kidogo si ataelewa?

Ataelewa kwamba kitabu kinauma.

Namlea binti wa marehemu dada yangu. Anamaliza kazi saa tatu usiku, akishika kitabu anasinzia. Nimpe nini cha kumwongezea nguvu? (Shangazi, Morogoro)

Mpunguzie kazi. Shangazi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuajiriwa kazi za usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kama mwajiri haruhusiwi, sembuse wewe uliyeahidi kumsomesha? Saa 11 jioni, mwanga ungalipo, aketi na daftari nusu saa. Vyombo vitamngoja au vitaoshwa na watoto wako. Msingoje giza ili asomee kibatari: moshi unachoma macho, na mwanga wenyewe hautoshi.

Nianze kumfundisha Kiingereza?

Kama bado hasomi Kiswahili anachokielewa, hapana. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno.

Je, simu inaweza kumfundisha? (Msomaji, Tanga)

Kiasi, ndiyo, na ushahidi umetoka mkoani kwako. Shindano la kimataifa la programu za kufundishia watoto kusoma, Global Learning XPRIZE, lilipeleka tableti zenye masomo ya Kiswahili kwa watoto karibu 3,000 wa miaka 7 hadi 11, vijijini Tanga. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawasomi hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi waliotangazwa mwaka 2019 ni timu za Kitkit School na onebillion, na programu zote tano za fainali ziliachiwa wazi, yeyote azitumie bure. Lakini hesabu pia nusu waliobaki. Pakua programu, zima data au weka hali ya ndege, mpe dakika 20, kisha simu irudi kwako naye akusomee kwenye karatasi maneno matano aliyoyakuta humo. Akishindwa, alikuwa anabonyeza tu.