Goti, gegedu na sindano: majibu kwa wasomaji

Nina miaka 24, nacheza mpira Jinja. Goti lilipinda uwanjani, na kipimo cha MRI kimeonyesha shimo la sentimita 3 za mraba kwenye gegedu la mfupa wa paja. Daktari anataka kutoboa mfupa. Rafiki yangu aliyeko Ulaya anasema huko wanapandikiza seli. Nichague lipi?

Kwanza ujue kwa nini shimo hilo halitajiziba. Gegedu, lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, na palipo bila damu hapaponi kama ngozi inavyopona. Kutoboa ni njia ya kuileta damu pale. Daktari husafisha kingo za shimo hadi zisimame wima, hukwangua tabaka gumu lililo chini yake, kisha hutoboa mfupa matundu madogo yanayoachana milimita 3 hadi 4. Damu na uboho (ute wa ndani ya mfupa) hutoka na kuganda, na baada ya miezi kadhaa donge lile hugeuka kovu linalofanana na gegedu. Lakini ni kovu tu, halistahimili msuguano kama gegedu la kuzaliwa nalo. Kwa shimo la chini ya sentimita 2 za mraba, kijana hupata nafuu nzuri miaka ya mwanzo. Baadaye maumivu huwarudia wengi. Shimo lako limevuka kipimo hicho.

Upandikizaji wa seli ulitangazwa mwaka 1994 na madaktari wa Göteborg, Sweden, kwa wagonjwa 23. Upasuaji ni mara mbili. Mara ya kwanza huchukuliwa kipande cha gegedu cha miligramu 200 hadi 300 mahali pasipobeba uzito, seli zake zikakuzwe maabara kwa wiki kadhaa. Mara ya pili hurudishwa. Katika toleo lililoruhusiwa Marekani mwaka 2016, kwa watu wazima, seli hukaa juu ya utando wa kolajeni (aina ya protini) ya nguruwe, unaokatwa kwa umbo la shimo na kugandishwa kwa gundi ya fibrini, protini inayogandisha damu. (Mwenye imani inayomkataza nguruwe aulize mapema, si siku ya upasuaji.) Gharama yake ni kubwa, kwa sababu unalipia maabara pamoja na upasuaji wa mara mbili.

Ipo njia ya tatu ambayo rafiki yako hakuitaja: kuhamisha vijiti vidogo vya mfupa vyenye gegedu juu yake, kutoka pembeni ya goti hilohilo hadi shimoni. Hufanywa kwa upasuaji mmoja na haihitaji maabara. Ubaya wake ni kwamba pale vilipotolewa panaweza kuuma, na shimo likiwa kubwa vijiti havitoshi. Kwa sentimita 3 za mraba bado yafaa kumuuliza daktari wa mifupa kama ameifanya, na mara ngapi.

Njia yoyote utakayochagua, kuna mambo mawili ya kuhakikisha kabla ya kisu. Upigwe eksirei ya mguu mzima ukiwa umesimama, ionekane kama umepinda. Na ligamenti (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa) pamoja na menisko (vimto vya gegedu kati ya mifupa) zikaguliwe. Kiraka kwenye goti lililopinda au linaloyumba huchanika, hata akikiweka fundi bingwa. Baada ya upasuaji tarajia magongo wiki 6 hadi 8, na ukipandikizwa seli usifikirie mechi kabla ya mwaka. Vijana wengi huharibu kazi hapa: wiki ya nne maumivu yamepungua, mtu anatupa magongo wakati tishu bado ni laini.

Nina miaka 58, niko Lira. Nimepigwa eksirei, nikaambiwa maji ya goti yamekauka. Jirani ananipa maji ya bamia kila asubuhi. Yatarudisha?

Hapana, mama. Ute wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hauna njia ya kwenda gotini ukiwa ute. Endelea kula bamia, ni mboga nzuri.

Hilo la kukauka nalo lina kasoro. Eksirei haionyeshi maji ya goti wala gegedu. Inaonyesha nafasi kati ya mfupa na mfupa. Nafasi ikipungua, maana yake gegedu limelika. Mara nyingi goti la namna hiyo lina maji mengi kupita kawaida, ndiyo maana linavimba. Kama eksirei yako ulipigwa umelala, iombe tena ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala nafasi huonekana pana kuliko ilivyo.

Kliniki moja Kampala inauza sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka tishu nyingine, za kuotesha gegedu upya. Wanataka mamilioni. Mama yangu ana miaka 66, magoti yote mawili yamelika. Tuuze ng'ombe?

Msiuze. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 lililinganisha sindano za seli na sindano ya kawaida ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa magoti yaliyolika. Baada ya mwaka mmoja seli hazikushinda. Plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo nayo inauzwa sana, ilipimwa Australia mwaka 2021 dhidi ya sindano ya maji ya chumvi isiyo na dawa, kwa watu 288: maumivu yalipungua karibu sawa pande zote mbili, na gegedu halikunufaika. Ipo hata dawa ya majaribio, spriferimini, iliyoongeza unene wa gegedu kidogo kwa miaka miwili, lakini kwa jumla maumivu hayakupungua kuliko kwa waliopewa sindano bandia.

Shimo moja kwenye goti lenye afya ni tatizo tofauti kabisa na goti lililolika pote, ambamo mfupa, utando wa ndani ya goti na misuli vyote vimeingia katika ugonjwa. Matangazo huchanganya haya mawili makusudi.

Sindano ya steroidi yenyewe ina nafasi: hutuliza goti lililovimba kwa wiki chache. Isiwe mazoea. Katika utafiti wa mwaka 2017, waliochomwa miligramu 40 za triamsinoloni, aina ya steroidi, kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wenzao.

Goti langu nalo limelika. Basi nifanye nini nyumbani? Nalima, nabeba maji, siwezi kukaa tu. Mbale.

Usikae tu, kukaa kunadhoofisha paja na goti linabaki bila mlinzi. Chukua kiti kigumu kisichoyumba. Simama bila kujisukuma kwa mikono, keti polepole, mara 10. Pumzika dakika moja, rudia hadi raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti kwanza. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakizidi nusu ya maumivu makali unayoyajua, au yakiwa hayajatulia kesho yake, punguza idadi, usiache. Matokeo huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12. Wengi huacha wiki ya tatu.

Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma, kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20 juu ya goti bovu, kwa hiyo beba la lita 10 mara mbili, au tumia baiskeli. Kama una uzito wa ziada, kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti karibu kilo 4 kwa kila hatua. Chooni, kiti chenye tundu huondoa kuchuchumaa.

Kwa dawa, anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka. Vidonge vyake vya kila siku huchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha.

Nilinunua sokoni Arua unga wa mitishamba wa kutibu mifupa. Siku mbili tu nikapona. Sasa ni miezi minne, uso umekuwa mviringo na sukari imepanda.

Dawa ya mitishamba inayomaliza maumivu kwa siku mbili na kuvimbisha uso hutiliwa shaka kuwa imechanganywa na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Usiache ghafla: mwili wako huenda umesahau kutengeneza homoni yake, ukiacha leo unaweza kutapika na kuzirai. Nenda hospitali ya rufaa na paketi lenyewe, upunguziwe kwa hatua. Ukipata maumivu mapya ya nyonga, sema mara moja, kwani steroidi huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja. Paketi hilo Mamlaka ya Dawa ya Taifa nayo itataka kuliona.

Nina baridi yabisi, nimeandikiwa methotreksati. Mfamasia kanishtua: eti mara moja kwa wiki?

Yuko sahihi. Chagua siku moja, uiandike kwenye paketi. Anayemeza kila siku hupata vidonda mdomoni, kisha uboho huacha kutengeneza damu. Asidi ya foliki humezwa siku nyingine. Usishike mimba ukiitumia, na damu na ini vipimwe kama ulivyopangiwa. Kama unatumia Septrin (dawa ya kuua bakteria), mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza, maana dawa hizo mbili pamoja zinaweza kuua uboho hata kwa dozi sahihi.