Uliza Tukujibu: Huyu Tal alikuwa anagawa farasi bure?

SWALI: Anko shikamoo. Kijiweni kwetu tumezoea drafti ila kuna dogo kaleta ubao wa chesi, sasa kila siku anatoa farasi bure anachapwa, ukimcheka anakwambia "nacheza kama Tal". Huyo Tal ni nani, na ni kweli alikuwa anashinda kwa staili hiyo? Kuna mmoja hapa anasema jamaa alikuwa anawaroga wenzie kwa macho.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Dogo hajadanganya, ila kaishika nusu tu ya habari.

Mikhail Tal alizaliwa Riga, Latvia, mwaka 1936, baba yake daktari. Chuo aliingia ana miaka 15 akasoma fasihi, sio hesabu kama watu wanavyodhani. Mwaka 1957 akawa bingwa wa Sovieti nzima, na mjue Sovieti ya enzi zile kuwa bingwa wa nchi ilikuwa kazi karibu sawa na kuwa bingwa wa dunia maana wakali wote walikuwa huko huko. 1958 akarudia. 1959 akaenda Yugoslavia kwenye mashindano ya kumtafuta wa kupambana na bingwa, akamkuta Bobby Fischer wa Marekani, kijana wa miaka 16, wakakutana mara 4 na zote 4 Tal kamfunga. Halafu 1960 pale Moscow akamvua taji la dunia Mikhail Botvinnik kwa pointi 12.5 kwa 8.5, Tal ana miaka 23, hakuna aliyewahi kuwa bingwa akiwa mdogo hivyo mpaka wakati ule.

Sasa hizo kafara zake, yaani kutoa kete iliwe makusudi. Chukua mechi ya 6 na Botvinnik, Tal ana kete nyeusi, kaweka farasi mahali pa kuliwa kabisa, ukumbi ukaanza kelele mpaka ikabidi wachezaji wahamishiwe chumba cha nyuma. Tal akashinda. Wachambuzi walikuja kukaa na ule mchezo kwa utulivu wakakuta Botvinnik alikuwa na njia ya kujitetea, ila wao walikuwa na chai na muda wote duniani, Botvinnik alikuwa na saa inamla pembeni na kete zimemzunguka mfalme wake. Hapo ndipo penye siri. Tal hakukulisha ili ushibe, alikulisha ili uanze kupiga hesabu ngumu wewe badala yake, na kila njia unayoichungulia ina shimo, ukikosea moja tu umekwisha. Dogo wenu naye analisha, sawa, ila mkishakula nyie mnabaki na swali gani? Hamna, mmeshiba tu.

Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja anacheza na mchezaji mwenzie Vasiukov, anawaza atoe farasi au asitoe, hesabu zimemchanganya, ghafla kikamjia kichwani kishairi cha watoto kuhusu kumvuta kiboko kwenye tope. Basi akaanza kuwaza atamtoaje yule kiboko, jeki, helikopta, ngazi ya kamba, mwishowe akasema azame zake, akatoa farasi kwa hisia tu. Kesho yake gazeti likaandika Tal alifikiri dakika 40 akapiga hesabu kwa uangalifu mkubwa. Mi kila nikikumbuka hii nacheka peke yangu.

La macho, kweli alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho mezani. Mpinzani wake mmoja, Pal Benko, aliogopa akaja amevaa miwani ya giza. Tal naye akaazima miwani kubwa akaivaa, watu wakaangua kicheko, na Benko akafungwa vile vile. Uchawi ungekuwa kwenye macho miwani si ingesaidia?

SWALI: Anko kama alikuwa mkali hivyo mbona ubingwa alikaa nao mwaka mmoja tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Figo. Zilimsumbua karibu maisha yote na kwenye marudiano ya 1961 aliingia hali yake si nzuri. Lakini tusimnyime Botvinnik haki yake, mzee wa miaka 49, injinia wa umeme, alirudi nyumbani akamsoma Tal kama mtu anayesoma mashine iliyoharibika, akawa anabadilishana kete mapema na kumpeleka kwenye michezo mikavu isiyo na nafasi ya fujo. Akashinda 13 kwa 8. Mwaka uliofuata kule Curaçao Tal hata mashindano hakumaliza, akalazwa, na Fischer akaenda kumtazama hospitali. 1969 wakamtoa figo moja. Halafu ndio kioja chenyewe, baada ya hapo, kati ya 1973 na 1974, akacheza michezo 95 mfululizo bila kufungwa hata mmoja! Mei 1992 alitoka hospitali kwenda kucheza chesi ya dakika chache Moscow akamfunga Kasparov, bingwa wa wakati huo. Juni 28 akafariki, ana miaka 55.

SWALI: Kwenye picha mkono wake wa kulia haueleweki, alipata ajali?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, alizaliwa nao hivyo, vidole 3 tu. Na piano alikuwa anapiga.