Mume wangu anasema chanjo ni njama, na hakubali ushahidi wowote

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mume wangu ni mtu wa swala tano, mpole, hana ugomvi na mtu. Lakini wahudumu wa chanjo ya polio walipopita mtaani kwetu alikataa watoto wasipewe matone, na alama ya chaki waliyoandika mlangoni akaifuta. Anasema chanjo imetiwa dawa ya kufunga kizazi cha Waislamu. Nikimwonyesha maelezo ya madaktari, anasema wamelipwa. Nikimtajia masheikh walioiruhusu, anasema nao wamenunuliwa. Je, imani yake ina kasoro? Na naweza kuwapeleka watoto kituoni bila yeye kujua?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nianze na la imani yake, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Usimhukumu. Hata watu wa Madina, waliomwona Mtume (s.a.w.) kwa macho yao, walipitiwa na jambo la namna hii. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume kwa Bi Maria, akiwa bado mtoto wa kunyonya. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hawakuwa na nia mbaya. Mambo mawili makubwa yametokea siku moja, na moyo wenye huzuni hutaka sababu kubwa kama msiba wenyewe. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Uvumi ule ulikuwa unamtukuza yeye na mwanawe, naye akaukataa akiwa ndani ya msiba. Hadithi hii imo katika Bukhari, na kila nikiisoma naona ni dhahiri kwamba Uislamu hauhitaji kutetewa kwa jambo lisilo la kweli.

Kwa hiyo mzizi wa kwanza ni huo: mwanadamu hapendi jambo kubwa liwe na sababu ndogo, au lisiwe na mtu wa kulaumiwa.

Mzizi wa pili ni mzito zaidi, na wanaomcheka mumeo hawaujui. Mwaka 1996, kukiwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto wagonjwa. Watoto 11 katika jaribio lile walikufa, na wazazi wakalalamika kwamba hawakuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kuimaliza kesi na serikali ya jimbo hilo. Na mwaka 2011 ilifichuka kwamba shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtumia daktari wa Pakistan kuendesha kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini katika kumsaka Osama bin Laden. Haya yalitokea kweli. Mtu aliyewahi kuonewa haanzi kuogopa bila sababu.

Lakini hofu yenye sababu inaweza kutoa hukumu ya dhulma. Mwaka 2003 Kano na majimbo mengine ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi huohuo wa mumeo. Kano ilikaa karibu mwaka mzima bila kuchanja. Virusi vikatoka Nigeria vikasambaa nchi nyingi, vikafika Sudan, Yemen na hata Indonesia, ambako takriban watoto 300 walipooza. Wengi wa watoto hao ni Waislamu, dada yangu. Uvumi ulidai kuulinda umma, na waliobaki wakitambaa ni watoto wa umma huo.

Qur'ani katika sura ya Al-Maida, aya ya 8, inatukataza kuiacha chuki yetu kwa watu itupeleke kwenye kuacha uadilifu. Uadilifu unadai kila tuhuma iwe na ushahidi wake. Kosa la Pfizer haliwi ushahidi dhidi ya muuguzi wa mtaani kwenu aliyebeba kisanduku chake cha barafu juani.

Sasa, kwa nini ushahidi haumwingii? Kwa sababu ameijenga imani hii kwa namna ambayo kila shahidi anayekuja kuipinga anageuka kuwa mshitakiwa. Qur'ani imewaeleza watu wa hali hiyo katika Suratul Hijr, aya ya 14 na 15: lau wangefunguliwa mlango wa mbinguni wakawa wanapanda humo, wangesema macho yetu yamelevywa, tumerogwa. Aya imeteremka kwa makafiri wa Makka, na simfananishi mumeo nao. Ila ugonjwa wa kuamua kabla ya kutazama unaweza kumwingia yeyote, nami pia. Muulize kwa upole: ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea? Asipokuwa na jibu, hapo pana kazi ya nafsi, na nafsi ya mtu hailainiki kwa kushindwa mbele ya mkewe au jamaa zake. Usibishane naye mbele ya ndugu.

Tazama Kano ilivyorudi. Haikuwa kwa matusi. Walipeleka wataalamu wao wenyewe chanjo ipimwe nje, kisha wakaletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, na mwaka 2004 wakaanza tena kuchanja. Mtafutie mumeo shahidi anayemwamini: imamu wake, au mwalimu aliyemsomesha Qur'ani, aende naye kituoni, aulize atakalo na aguse kichupa kwa mkono wake. Mwambie pia kwamba Al-Azhar na Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu zinaunga mkono chanjo ya polio. Na hatari haiko mbali: mwaka 2022 polio ilipatikana Malawi na Msumbiji, majirani wa Tanzania.

Kuhusu kuwapeleka kwa siri, usianze na hilo. Anaamini kuna jambo linafanywa nyuma ya mgongo wake; akigundua siri yako utakuwa umempa ushahidi. Mweleze wazi kwamba unakusudia kuwapeleka, na umpe muda wa kwenda kuuliza. Akikataa kabisa na ugonjwa ukatangazwa karibu nanyi, wapeleke, kwa kauli ya Mtume (s.a.w.) kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na umwambie siku hiyohiyo jioni.

Wallahu a'lam.