Cherehani ya kuanzia: ya kukanyaga au ya umeme?

Dada, kwa anayeanza kushona vitenge na sare hapo Uyole, Mbeya, achana na zile ndogo za plastiki za umeme. Pindo la jinzi tu linazishinda. Chukua ya chuma ya kukanyaga, aina ya Butterfly au Singer. Umeme ukikatika unaendelea na kazi, na mota unaweza kuifunga baadaye.

Ukienda soko la Mwanjelwa kutafuta iliyotumika, beba kipande chako cha kitenge na uzi. Kabla ya yote shika chuma kinachobeba sindano, ukitikise: kikicheza ovyo, iache. Weka sindano mpya namba 14, kunja kitenge mara mbili, shona. Vitanzi vikijaa upande wa chini, usiilaumu bobini, ile ya uzi wa chini. Uzi wa juu umelegea au haukuingia vizuri kati ya visahani vinavyoubana. Pitisha upya, kaza skrubu ya visahani hivyo robo mzunguko. Ikiruka mishono hata kwa sindano mpya, fundi ana kazi hapo, punguza bei.

Mafuta ni ya cherehani tu, tone moja kila tundu. Ya kupikia hugandia ndani, na kwa baridi ya Juni huko kwetu utakanyaga kama unapanda mlima Loleza.