Uliza Fundi: Kuosha injini ya gari kuukuu bila kulia baadaye

SWALI: Fundi habari ya siku nyingi. Niko Kigumba hapa Uganda, nina Toyota Corona ya 1994 injini ya 4A, nilinunua kwa mzee mmoja alikuwa anabebea mahindi. Ndani ya boneti kumejaa udongo mwekundu na oili hata injini yenyewe siioni vizuri. Wiki ilopita nikapeleka woshing bei (pa kuoshea magari), vijana wakapuliza dizeli halafu maji ya presha, gari ikawaka sawa tu, nafika kilomita mbili ikaanza kukohoa na kutetemeka kama ina malaria, na mpaka leo kila asubuhi inakohoa. Wameniharibia nini? Na bado ni chafu, nioshe vipi mwenyewe? – Msomaji, Kigumba

JIBU: Pole ndugu yangu. Tulia kwanza, nadhani injini haijafa, imenyweshwa maji tu. Plagi za 4A haziko pembeni, zimezama katikati ya tapet kava (ule mfuniko wa juu ya injini) kwenye mashimo marefu, na kinachozuia maji ni ule mpira wa waya ya plagi, sasa mpira wa miaka 30 umeshakauka na kupasuka zamani. Presha ikipita pale maji yanaingia shimoni na hayana pa kutokea, injini ikichemka yanakuwa mvuke, umeme unavujia kwenye unyevu badala ya kufika kwenye plagi, silinda moja inalala, ndo hiyo malaria yako.

Chomoa waya moja moja, weka alama usije ukazichanganya (silinda za hiyo injini zinachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2), mulika na tochi. Ukikuta maji USIFUNGUE plagi, yatamwagikia ndani ya silinda. Nenda kwa mtu wa tairi akupulizie upepo kwanza, na ugeuze uso maana mchanga utakurukia machoni. Ukikuta ni oili na si maji, basi vijana wa watu unawasingizia bure, hizo ni sili za mashimo ya plagi zimeisha, zinabadilishwa pamoja na gasketi ya tapet kava. Halafu ile ya kukohoa asubuhi mimi nashuku mfuniko wa distribyuta (kile kinachogawa umeme kwa plagi), ufungue, pangusa ndani na kitambaa kikavu, angalia kama una ufa, ukiwa na ufa usigandishe na gundi, nunua mwingine.

Sasa kuosha. Injini iwe ya baridi, sio ya vuguvugu, ya BARIDI. Toa waya ya negative ya betri kwanza na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho, ukianza na positive spana ikagusa bodi utaona cheche. Chukua kavera (mfuko wa plastiki), funika alteneta (inayochaji betri), distribyuta, boksi la fyuzi na mdomo wa hewa, funga na mpira. Hakikisha mfuniko wa oili na wa breki imekazwa. Halafu kabla ya tone la maji, kwangua. Watu hapa ndo wanakosea, udongo wetu huu mwekundu ukikutana na oili unakuwa kama simenti, na huo ukoko unashika joto la injini kama blanketi, sasa ukiumwagia maji unageuka uji unatambaa kila mahali. Tumia kijiti au kipande cha plastiki, toa mabonge yote yakiwa makavu, mimi kwenye gari ya hivyo namaliza saa nzima nakwangua tu. Ndo unapaka dawa ya kutoa grisi au hata sabuni ya vyombo nzito, ngoja dakika chache isikauke, sugua na brashi, mswaki wa zamani kwenye kona, halafu suuza na maji ya kopo kidogo kidogo au kitambaa cha maji. Presha hapana. Toa kavera, pangusa, acha boneti wazi juani mpaka pakauke kabisa, ndo urudishe betri.

Dizeli na mafuta ya taa acha kabisa. Najua ni rahisi na inang'arisha, nami nilipokuwa kijana gereji tulifanya sana, lakini inavimbisha mipira, inaacha utelezi unaovuta vumbi jipya kesho yake, na ikibaki juu ya bomba la moshi gari ikichemka unaomba Mungu. Tena hayo maji machafu usiyaelekeze kwenye mtaro, mtaro unaenda kwenye bwawa ambako watu wanachota.

Usipake kitu cha kung'arisha pia, hasa karibu na fenibelti, itateleza. Unaosha ili uone inapovuja. Endesha siku mbili tatu, usiku weka boksi la karatasi chini, asubuhi soma: nyeusi au kahawia ni oili ya injini, nyekundu yenye utelezi ni ya gia ya otomatiki au stelingi, ya maji maji yenye rangi na harufu tamu ni ya redieta. Kwenye hiyo gari yako anza kuangalia nyuma ya tapet kava, hapo ndo inapovuja kwa kawaida.

SWALI: Fundi, waya za gari yangu zimekaa kama kiota, alamu ya zamani, redio, spotilaiti. Nikate zisizotumika? – Dada wa Arua

JIBU: Dada yangu usikate waya usiyoijua inakoenda, ifuate kwa mkono mpaka mwisho wake. Ile ya spotilaiti nina hakika imetoka betri moja kwa moja bila fyuzi, hiyo ndo kazi ya mafundi wa barabarani, weka fyuzi karibu na betri leo leo kabla ya hayo mengine. Viungo vilivyofungwa na kavera au selotepu vifungue, unganisha upya, funga na tepu ya umeme. Halafu zibane mbali na bomba la moshi, feni na belti. Na kama unapaki karibu na stoo ya nafaka, chungulia chini ya boneti kila wiki, panya hawachagui.

SWALI: Senene wamejaa kwenye redieta, naweza kuwatoa na presha? – Masaka

JIBU: Hapana, yale mapezi membamba yatalala na hewa haipiti tena. Piga maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda nje, walikoingilia ndo watokee. Waliokaukia loweka na sabuni usiku. Na hao usile, wameshaonja moshi wa lori zote za barabara ya Kampala.