Maswali na majibu: Duara lako linakata nini?

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja: kupachika video ndogo juu ya kubwa na kuikata kwa umbo, yaani kuiwekea maski. Haya.

Kaka, duara langu kwenye Premiere Pro, programu ya kuhariri video, linatoka kama yai. Nifanyeje? (Mbagala)

Bonyeza Shift bila kuachia huku ukivuta nukta ya ukingo wa maski. Likibaki yai, nenda Motion urudishe tiki ya Uniform Scale (inayolinda uwiano wa upana na urefu) uliyoitoa mwenyewe.

Nimepakua fremu ya moyo yenye maua kwa video ya sendofu, ila inakuja na boksi jeupe. (Sinza)

Hili nalo! Soma mwisho wa jina la faili kabla hujaniandikia. Ni jpg, na JPEG haibebi uwazi. Kila sehemu lazima iwe na rangi. Ukibadilisha jina liwe png hujafanya kitu, weupe uko palepale. Na zile picha zenye vibox vya kijivu na vyeupe nyuma kama alama ya uwazi, nyingi vimechorwa humohumo kwenye picha. Tafuta PNG yenye uwazi wa kweli.

Halafu, kwa nini moyo? Moyo una bonde juu katikati na unachongoka chini. Bibi harusi akisimama katikati ya dada zake, bonde linaangukia kichwani kwake, nywele zilizomweka saluni tangu alfajiri zinaliwa, na sare za watu wa pembeni zinaishia kiunoni. Mama mtu akilipigia simu hilo, usiseme ni programu.

Kwenye CapCut ya simu duara liko wapi? (Gongo la Mboto)

Ongeza video kama Overlay (safu ya juu), iguse, tafuta Mask. Liko hapo.

Nimeweka kivuli nyuma ya duara kwenye Premiere, hakionekani. (Kinondoni)

Maski ya Opacity, hiyo iliyokukatia duara, inafanya kazi baada ya kivuli, kwa hiyo ndiyo inayokikata. Bofya kulia klipu, chagua Nest, yaani ifunge kama kifurushi, kivuli kiweke juu ya hiyo iliyofungwa. Kiwe chepesi, tafadhali.

Duara la MC nimelitoa kama MP4 ili nilitumie kazi nyingine, limekuja na weusi pembeni. (Tabata)

MP4 ya H.264 haibebi uwazi. Toa ProRes 4444 yenye alfa (ndiyo inayobeba uwazi), na uandae nafasi kwenye diski, maana faili litanona.

Tunarusha ibada mubashara kwa programu ya OBS. Tuna mkalimani wa lugha ya alama, tunataka akae kwenye duara pembeni. (Ubungo)

Namna ya kufanya: bofya kulia kamera yake, ingia Filters, ongeza Image Mask/Blend, mpe picha ya duara jeupe kwenye weusi. Chagua maski ya rangi: nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha. Picha hiyo iwe na vipimo vya kamera, mfano 1920 kwa 1080, duara lisivutike.

Sasa msifanye hivyo. Lugha ya alama haiko vidoleni tu. Iko usoni, mabegani, na kwenye nafasi kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa. Mkono ukifunguka kwenda pembeni duara linaukata, na neno limepotea. Kwenye simu, ambako wengi watawatazama, atakuwa mdogo kama kifungo cha shati. Mpeni mstatili mkubwa, nguo ya rangi moja inayoachana na ngozi yake, na mwanga usoni. Na lile bango la namba ya sadaka lisipite juu ya mikono yake. Kabla ya kurusha, mwiteni muumini kiziwi atazame kwenye simu yake. Yeye ndiye atakayewaambia kama anasoma au anakisia.

Premiere niliyowekewa kwa flashi Kariakoo inajifunga nikiweka maski. (hakutaja anakoishi)

Programu za wizi sijibu. DaVinci Resolve, nayo ya kuhariri video, ina toleo la bure, pakua kwa watengenezaji wenyewe, Blackmagic Design. Maski ya duara iko kwenye ukurasa wake wa Fusion. Laptopu yako ikiwa haina kadi ya michoro ya maana, Fusion itakutesa. Fanyia CapCut, hakuna mteja atakayekuuliza.