Kubahatisha, kukisia au kukadiria?

Mwalimu mmoja wa fizikia mjini Kigoma ameniletea sentensi anayowaandalia wanafunzi wake: "Wataalamu hubahatisha hali ya ayonosfia mahali ambapo hakuna vipokezi." Anauliza kama "hubahatisha" inafaa, au aandike "hukisia", au atumie neno la kigeni "interpolesheni" kama lilivyo, yaani kujaza thamani za katikati kutokana na zilizopimwa.

Mwalimu, "hubahatisha" iondoe kabla somo halijafika darasani. Anayebahatisha hana kitu mkononi. Akipatia, ni bahati yake. Wataalamu hawa wana vipimo. Setilaiti za GPS huzunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yakishuka hupenya ayonosfia, sehemu ya angahewa ya juu ambamo mionzi ya jua imeng'oa elektroni kwenye atomi. Elektroni hizo huchelewesha ujumbe, na kila masafa, yaani kasi ya mitetemo ya wimbi, huchelewa kwa kiasi chake. Kipokezi kinachonasa masafa mawili hulinganisha uchelewaji huo, ikapatikana jumla ya elektroni zilizo njiani. Taabu ni kwamba vipokezi vya kudumu barani Afrika ni vichache na vimeachana mno, ilhali ramani ya elektroni inatakiwa ienee kote.

Kitenzi cha kazi hiyo ni kukadiria. Ni ndugu wa "kadiri", na ndani yake mna kipimo. Mimi ni mtu wa Tabora, basi niruhusu nipande treni ya kwenda kwako. Tuseme mvua ya leo imepimwa Tabora na Kigoma tu, nawe unaitaka ya Kaliua, iliyo njiani. Kaliua iko karibu zaidi na Tabora, kwa hiyo kipimo cha Tabora unakipa uzito mkubwa, cha Kigoma mdogo. Hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote: jirani wa karibu husikilizwa zaidi. Lakini Tabora iko uwandani, kwenye mita kama 1,200, na Kigoma iko chini, ziwani, imezungukwa na vilima. Mvua haibadiliki hatua kwa hatua kwa kufuata reli.

Ayonosfia nayo ina vilima vyake. Ikweta ya sumaku, mstari ambapo nguvu ya sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, hupita Ethiopia. Mchana elektroni huinuliwa juu yake, kisha huteremka pande zote mbili na kurundikana katika matuta mawili, kama nyuzi 15 kaskazini na kusini ya ikweta hiyo. Kwa hesabu hiyo tuta la kusini huangukia karibu na latitudo zetu za Tabora na Kigoma. Ukitegemea umbali peke yake, na vipokezi vikiwa mbalimbali, unaweza kulisawazisha tuta zima bila kujua.

Ndiyo maana wengine hutumia njia ya kukadiria iitwayo krigi, iliyopewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, na kuwekewa misingi ya hisabati na Georges Matheron wa Ufaransa. Krigi huchunguza kwanza vipimo vyenyewe: vikiachana kwa umbali fulani, hufanana kiasi gani? Kisha hugawa uzito kwa kufuata jibu hilo. Tena kila nukta kwenye ramani huja na kiasi cha shaka yake, nami hapo ndipo ninapoiona "kukisia" ikipata mahali pake. Kukisia nako kuna kipimo ndani, maana ni jamaa ya "kiasi", ila katika usemi wa leo kumelegea: tunakisia umri wa mgeni kwa kumtazama usoni. Penye vipokezi vya karibu na shaka ndogo, andika "hukadiria". Mbali na kipokezi chochote, shaka ikiwa kubwa, "hukisia" ndilo neno la kweli zaidi.

"Interpolesheni" itaje mara moja, kwa kuwa wanafunzi watakutana nayo vitabuni, kisha endelea na kitenzi. Na usikiache kitenzi hicho kining'inie. Msomaji aambiwe makadirio yametoka wapi. Ningeandika hivi: "Mahali pasipo na kipokezi, wataalamu hukadiria jumla ya elektroni za ayonosfia kutokana na vipimo vya vipokezi vilivyo jirani."